Oili Ndiyo Shafti: Jinsi Mfumo wa Haidrostatiki Unavyoendesha Magari ya Majini na Nchi Kavu

Gari dogo la majini na nchi kavu, lile lenye magurudumu sita au manane ya tairi pana zilizojazwa upepo kidogo, halikati kona kama gari la kawaida. Hata likiwa na usukani, magurudumu yake hayapindi. Yote yameelekea mbele muda wote, na gari hugeuka kwa sababu upande mmoja unakwenda kasi kuliko mwingine, kama katapila linavyofanya kwa minyororo yake. Kwa hiyo swali kubwa la mhandisi anayelibuni ni namna ya kuzitofautisha pande hizo mbili bila kupoteza nguvu ya injini.

Jibu la zamani ni breki. Katika miundo mingi ya Argo, chapa ya magari haya ambayo ilianza kutengenezwa Ontario, Kanada, mwaka 1967, injini huzungusha mkanda, mkanda huzungusha giaboksi, na giaboksi hupeleka mwendo kwenye ekseli kwa cheni. Dereva anapotaka kwenda kushoto, breki hukamata upande wa kushoto, na upande wa kulia huendelea kusukuma. Mfumo huo ni mwepesi na fundi yeyote mzuri anaumudu, lakini una kasoro moja inayoonekana zaidi kwenye matope: pale pale gari linapohitaji nguvu yote ili kugeuka, sehemu ya nguvu hiyo inageuzwa kuwa joto kwenye breki.

Mfumo wa haidrostatiki, unaotumika katika magari kama Hydratrek na Mudd-Ox ya Marekani, huondoa giaboksi na klachi na kuweka pampu mbili za oili, moja kwa kila upande. Pampu husukuma oili kupitia bomba la mpira mnene hadi kwenye mota ya haidroliki, yaani inayozungushwa na oili, mota huzungusha magurudumu ya upande wake, kisha sehemu kubwa ya oili hurudi moja kwa moja kwenye pampu bila kupitia tangini. Watu wengi wamezoea kuiona oili kama kilainishi. Humu kulainisha ni kazi ya ziada tu, kwa maana oili ndiyo shafti yenyewe, yaani inashika nafasi ya chuma kinachopeleka mwendo wa injini kwenye magurudumu.

Siri ya mfumo imo ndani ya pampu. Kuna silinda inayozungushwa na injini, na ndani yake kuna pistoni kadhaa, mara nyingi tisa, zilizopangwa duara huku miguu yake ikiegemea sahani ya chuma. Sahani ikiwa imenyooka, pistoni huzunguka bila kuingia wala kutoka, hakuna oili inayosukumwa, na gari husimama kimya hata kama injini inanguruma. Dereva akisogeza wenzo, sahani huinama; kila pistoni sasa huvuta oili katika nusu ya mzunguko na kuisukuma katika nusu ya pili. Sahani ikiinamishwa upande wa pili, oili hutokea kwenye mpira ule mwingine na magurudumu hurudi nyuma. Hakuna gia ya kubadilisha.

Tuchukue mfano wa hesabu. Pampu inayotoa sentimita za ujazo 20 kwa kila mzunguko, ikizungushwa mara 3,000 kwa dakika, hutoa lita 60 kwa dakika. Mota inayomeza sentimita za ujazo 200 kwa kila mzunguko itazunguka mara 300, na tairi yenye kipenyo cha sentimita 63 itasafiri takriban kilomita 36 kwa saa. Sahani ikiinama nusu yake, kasi nayo hushuka hadi nusu. Hata hivyo, lita 60 hizo zikisukumwa kwa shinikizo la bar 200 hudai kilowati 20 kwa kila upande, yaani 40 kwa pande zote mbili, ilhali injini ya nguvu za farasi 30 ina kilowati 22 tu. Dereva atapata kasi au atapata nguvu ya kusukuma, na sahani ndiyo inayomchagulizia.

Raha ya mfumo huu huonekana gari linapogeuka papo hapo. Wenzo wa kushoto ukisukumwa mbele na wa kulia ukivutwa nyuma, gari huzunguka mahali pale pale, iwe kwenye tope au katikati ya maji. Majini vifundo vya tairi hufanya kazi ya makasia, lakini mwendo wake ni wa kutembea kwa miguu tu. Ndiyo maana baadhi ya magari huongezewa rafadha inayozungushwa na mota yake ya haidroliki, jambo lililo rahisi kwa kuwa mpira wa oili hupita kwenye kona ambazo shafti ya chuma isingepita.

Gharama yake ni joto. Giaboksi nzuri hufikisha zaidi ya asilimia 90 ya nguvu kwenye magurudumu. Pampu na mota pamoja hufikisha asilimia 80 hivi, na mara nyingi chini ya hapo. Kwa injini ile ya kilowati 22, kinachopotea kinazidi kilowati 4, sawa na birika mbili za umeme zinazochemka bila kuzimwa ndani ya bodi iliyozibwa isiingize maji. Oili ikipata moto mno huwa nyepesi, huvuja kando ya pistoni, na dereva huona gari likilegea baada ya saa moja ya kuhangaika na tope. Kwa hiyo rejeta ya oili na feni yake si mapambo, na nyasi zilizoiziba ziondolewe kila siku ya kazi.

Adui wa pili ni maji. Baada ya kuvuka mto, kagua oili tangini: ikiwa imegeuka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Kwa kuhakikisha, dondosha tone moja juu ya bamba la chuma lililopashwa moto kupita nyuzi 100; oili safi hutulia, yenye maji hutatarika. Wakati wa kutafuta mahali inapovuja, usipapase mpira kwa mkono injini ikiwa inafanya kazi. Oili ya bar 200 inayochomoza kwenye tundu dogo kama la sindano hupenya ngozi na jeraha lake huhitaji upasuaji wa haraka, hata kama linaonekana dogo. Tumia kipande cha boksi.

Mteremkoni mota hugeuka kuwa pampu na injini hulizuia gari, lakini kwa kuwa oili kidogo huvuja ndani kila wakati, gari lililoegeshwa mlimani litateleza polepole lisipovutwa breki ya mkono. Na likikwama kiasi cha kuhitaji kuvutwa, vali ya kupitisha oili kando ifunguliwe kwanza, kisha livutwe taratibu kwa umbali mfupi. Bila hivyo magurudumu huzungusha mota, nayo husukuma oili isiyo na pa kwenda.