Kiraka wa besiboli hana uhakika wa namba
Mashabiki wengi wa besiboli ya Marekani huamini kwamba kijana kiraka, leo besi ya pili, kesho uwanja wa nje, lazima apate namba MLB, ligi kuu ya besiboli. Hesabu inakataa.

Kikosi kina wachezaji 26, na warushaji wanaruhusiwa hadi 13, idadi ambayo timu nyingi huijaza. Wanabaki 13. Ondoa tisa wanaoanza, ondoa mdakaji wa akiba: benchi lina nafasi tatu tu. Mojawapo kwa kawaida humwendea anayemudu shotistopu, ile nafasi ngumu kati ya besi ya pili na ya tatu. Kiraka asiyeiweza hiyo amejipunguzia soko mwenyewe.

Halafu kuna mambo ya makaratasi, na naona ndiyo huwamaliza wengi. Kijana mwenye opsheni, yaani ambaye timu bado ina ruhusa ya kumshusha bila kumpitisha kwa timu nyingine, hurudishwa ligi ndogo na bado ni mali ya timu. Mkongwe aliyeishiwa opsheni, kabla ya kushushwa, lazima kwanza apitishwe mbele ya timu nyingine 29, na yoyote yaweza kumnyakua. Basi, timu ikiogopa kumpoteza mkongwe, kijana anaweza kupiga mipira vizuri Machi nzima, kwenye mazoezi ya kabla ya msimu, na bado akapakia mabegi kwenda Triple-A, ngazi ya juu ya ligi ndogo. Kama hayumo kwenye orodha ya watu 40, ile pana ya timu ambayo kikosi cha 26 hutoka humo, na imejaa, kuna mtu atakayeondolewa kwanza.

Brendan Donovan alipenya mwaka 2022 akiwa na St. Louis Cardinals, akatwaa Glavu ya Dhahabu ya viraka, tuzo ya ulinzi bora uwanjani, tuzo iliyoanza mwaka huohuo. Ila tazama gongo lake: alifika besi katika zaidi ya asilimia 39 ya zamu zake. Mpigaji wa namna hiyo, kocha humtafutia pa kumpanga.