Jambia la kolibri

Kila nikionyesha picha za kolibri, yule ndege mvumaji, lazima mtu aseme, "Kumbe chozi!" Siye. Chozi wetu kwa kawaida hutua kwenye kitawi ndipo anyonye mbochi; kolibri huelea hewani mbele ya ua, na kwao ni Amerika tu.

Ninayempenda kuliko wote ni *Phaethornis longirostris*, wa misitu ya mvua kutoka Meksiko hadi Peru. Ana gramu sita hivi, rangi yake ni ya udongo, na nyuma ananing'iniza manyoya mawili marefu yenye ncha nyeupe. Mdomo wake mrefu umepinda kama ua la helikonia, mmea wenye majani kama ya mgomba. Tumezoea kusema mdomo ule ni wa maua. Kweli, lakini si wa maua peke yake.

Msimu wa kuzaliana, madume hukusanyika vichakani, hata 25 mahali pamoja, kila mmoja na kijiti chake, akirudia mlio uleule mfupi kutwa nzima huku mkia ukitikisika. Anayekitaka kijiti cha mwenzake hana budi kupigana. Mwaka 2015, watafiti Alejandro Rico-Guevara na Marcelo Araya-Salas walionyesha kwamba ncha ya mdomo wa dume mzima ni ndefu na kali kuliko ya jike, jambia hasa, na madume wachanga bado hawana. Hudungana nalo kooni.

Basi mwenye jambia kali ndiye mshindi? Hapa ndipo ndege huyu aliponiteka. Kule La Selva, kituo cha utafiti msituni Kosta Rika, Araya-Salas na wenzake waliwawekea vichupa vitatu, kimoja tu kikiwa na maji ya sukari. Waliokumbuka vizuri kichupa chenye sukari ndio waliokuwa na nafasi kubwa ya kumiliki kijiti. Kumbukumbu ilikuwa na uzito sawa na silaha na ukubwa wa mwili. Kwangu hilo linaeleweka: ndege huyu halindi maua, huyazungukia yaliyotawanyika msituni, na anayeijua njia hushiba upesi akarudi kuimba.

Mdomo huohuo ni barabara pia. Utitiri wa maua husafiri ndani ya matundu ya pua yake. Kolibri akichomeka mdomo kwenye ua, utitiri una sekunde chache tu za kuitambua harufu, kukimbia mdomoni na kushuka. Ukichelewa, unabebwa hadi ua jingine.