Hakuna Rikta ya Kigoma na Rikta ya Tabora

Likipita tetemeko, hata lile la kugonganisha vikombe tu, bati halijatulia na simu zimeshajaa: "Kigoma limepiga 5, Mpanda 4, Tabora 3." Nimesahihisha jambo hili hadi nimechoka. Leo naliandika lote, nikiulizwa tena niwe natuma kiungo tu.

Tetemeko moja lina ukubwa mmoja, basi. Gunia la mahindi la kilo mia halipungui uzito kwa sababu wewe umebebeshwa na jirani yako amesikia tu kishindo likitua. Ukubwa ni habari ya kule chini mwamba ulikokatikia: ufa ulioteleza una eneo gani, umeteleza kiasi gani, na mwamba wenyewe ni mgumu kiasi gani. Zidisha vitatu hivyo, unapata momenti, na namba inayotangazwa inatoka humo. Hiyo ndiyo skeli ya Hanks na Kanamori ya 1979. Ile ya Richter ya 1935 ilitungwa kwa ajili ya kusini mwa California na kwa aina moja ya chombo, kwa hiyo redio ikisema "kipimo cha Rikta" mara nyingi namba yenyewe wala si ya Richter. Kwenye jina nimekubali yaishe. Kwenye maana, hapana. Na kabla hujauliza: haiko "kati ya kumi". Si mtihani. Kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa ni la Chile mwaka 1960, 9.5, na hakuna aliyeweka dari.

Kinachotofautiana kati ya Kigoma na Tabora ni ukali, yaani ardhi imetikisika vipi pale uliposimama. Ukali una skeli yake, ya Mercalli, na huandikwa kwa namba za Kirumi kuanzia I hadi XII, makusudi watu wasichanganye. Wanachanganya vilevile. IV ni vyombo kugongana kabatini. V waliolala wanaamka. VI hakuna asiyesikia, na plasta huanza kudondoka hapa na pale. Ukitaka kusema "Tabora lilikuwa dogo", sema Tabora ukali ulikuwa IV, hapo tutaelewana.

Chukua la tarehe 5 Desemba 2005, saa tisa na dakika 20 hivi alasiri. Ukubwa 6.8, kitovu Ziwa Tanganyika, kama kilomita 150 kusini mwa Kigoma na kama 350 kutoka Tabora. Sasa liweke kando ya lile la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, ukubwa 5.9. Kila namba moja ikiongezeka, nishati inazidi kama mara 32, hivyo tofauti hiyo ya 0.9 ni kama mara 22. Tetemeko la ziwani lilikuwa Bukoba ishirini na mbili kwa mpigo, lakini waliozika watu wengi zaidi ni Bukoba. Umbali, udongo na tofali vina kauli yao, na namba ya ukubwa haijui lolote kati ya hayo.

Tuje kwenye mawimbi. La kwanza kufika ni P, linalosukuma na kuvuta mwamba kwa kasi ya kilomita 6 hivi kwa sekunde katika gamba la dunia. Nyuma yake linakuja S, linalotikisa mwamba kwa ubavu, kilomita 3.5 hivi. Yakikaribia juu yanaingia kwenye mwamba wenye kasi ndogo, njia yao inapinda na kufika karibu wima. Ndiyo maana P unalisikia kama kishindo kutoka chini, mlango ukagonga fremu, pengine na ngurumo kama lori la magogo limepita, kwa sababu sehemu ya mtetemo huo huvuka hewani kama sauti. S ndilo linaloyumbisha nyumba kushoto na kulia, na kwa kawaida yumbo lake ni kama mara tano ya P. Kuta huogopa hilo la pili.

Hesabu sekunde kati ya kishindo na yumbo, zidisha kwa 8, umepata kilomita. Mwaka 2005 mtu wa Kigoma alistahili kama sekunde 18. Ila niwe mkweli, kanuni hii ina matundu. Likiwa dogo au mbali, P hulisikii kabisa, unaanza kuhesabu katikati ya S na kutangaza kwamba tetemeko liko uani kwako. Ukizidi kilomita 200 na ushee, P la kwanza kufika huwa limepita chini ya gamba, kwenye mwamba ambamo linakwenda kilomita 8 kwa sekunde, na ile nane yako ya kuzidishia inaanza kupotoka. Na hata tetemeko likiwa chini ya miguu yako, kina kinahesabiwa: kilomita 40 kwenda chini ni sekunde tano. Huku kwetu kina cha namna hiyo si ajabu. Lile la Bukoba lilikuwa la kina hicho.

Mvuvi wa dagaa ana kisa chake. Maji hayana ugumu wa kuzuia kukatwa kwa ubavu, kwa hiyo S halipiti kwenye maji hata hatua moja. P linapita, kwa kilomita 1.5 kwa sekunde, kama sauti. Aliye ziwani anapata dundo moja chini ya mtumbwi kana kwamba amegonga jiwe, anachungulia, jiwe hakuna, anaendelea na wavu. Mkewe Ujiji yuko nje na watoto, anatetemeka. Asubuhi wanabishana, na wote wawili wako sahihi.

Sasa udongo. "Nyumba iliyo kwenye udongo laini ndiyo inayoanguka" ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo inaniudhi kuliko uongo mtupu. Ni kweli kwamba wimbi likitoka kwenye mwamba na kuingia kwenye mashapo linapungua kasi, na kimo chake kinakua ili lisafirishe nishati ileile. Lakini mashapo yana mdundo wake. Kwa mfano, mashapo ya unene wa mita 20 ambamo S linakwenda mita 200 kwa sekunde: unene mara nne, gawa kwa kasi, unapata sekunde 0.4 kwa yumbo moja. Jengo nalo lina mdundo, kwa makadirio ya haraka sekunde 0.1 kwa kila ghorofa. Midundo hiyo miwili ikilingana, yumbo linakuzwa; hapo atakayeumia zaidi ni mwenye ghorofa nne. Nyumba ya chini ya tofali za kuchoma mdundo wake ni kama 0.1, nayo inawindwa na mashapo ya mita tano tu juu ya mwamba mgumu. Kwa hiyo mtu anayeshuka kujenga kuelekea bonde la Mto Luiche, jirani na Ujiji, asiulize tu "udongo laini upo?" Aulize unene, halafu atazame anajenga nini. Na fundi asiseme lenta imezunguka wakati imeishia juu ya madirisha ya mbele, huku ile pembetatu ya tofali inayobeba bati upande wa kichwa cha nyumba imesimama bila kushikwa na chochote.

Tabora wana jambo lao. Wamekaa juu ya mwamba wa zamani sana, zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, uliopoa na kushikamana. Mwamba wa hivyo haunywi mawimbi haraka kama ardhi ya bonde la ufa iliyopasukapasuka. Ndiyo maana tetemeko la mbali linaweza kusikika Tabora, na si kwamba "sasa limehamia Tabora". Zaidi ya hapo, ufa hautupi nishati sawa kila upande. Kuna pande P linatoka karibu sifuri, na miji miwili yenye umbali sawa inaweza kutoa taarifa mbili tofauti bila mmoja kudanganya.

Ya sauti za WhatsApp kwamba "kubwa zaidi linakuja saa nane usiku" nayamaliza kwa sentensi moja: hakuna duniani anayejua saa. Mitetemo ya baadaye ipo, inapungua kadiri siku zinavyokwenda, na iliyo mikubwa kuliko ule wa kwanza hutokea mara chache, ila hutokea.

Nasi wataalamu tuna ya kwetu. Taarifa ikisema "kina kilomita 10", usiichore ukutani. Vituo vikiwa vichache na mbali, kina hakikamatiki, na mara nyingi hiyo kumi imewekwa tu ili hesabu iende. Namba za mwanzo za ukubwa nazo huhama 0.1 hadi 0.3 baada ya saa chache, na taasisi mbili zinaweza kutoa 4.6 na 4.9 kwa tetemeko hilohilo, kila moja kwa mawimbi iliyoyatumia. Huko ni kusahihisha hesabu. Hakuna anayeficha kitu.

Likija jingine, niandikie saa kamili hadi dakika, ulikuwa ndani au nje, ghorofa ya ngapi, umekaa au unatembea, sekunde ngapi kati ya kishindo na yumbo. Nini kilisogea, nini kilianguka, ufa upo ukuta gani. Kama chai ilimwagika, niambie kikombe kilikuwa kimejaa kiasi gani.