Priamplifaya ya valvu ni nini, na kwa nini ukishaichomoa bado usitie mkono ndani

Kijana mmoja wa hapa Ngamiani, Tanga, alinijia jioni amebeba boksi la bati lenye valvu nne, limeviringishwa kwenye kanga ya mama yake. Alilipata kwenye mtumba uliotoka Uingereza.

"Shikamoo mjomba. Amplifaya hii imekufa. Nimeiunga na spika, valvu zinawaka vizuri tu, lakini sauti inatoka kama ya mbu."

"Marahaba. Hebu nione mgongo wake."

Nikaigeuza, nikasoma maandishi ya nyuma. Haikuwa amplifaya. Ilikuwa priamplifaya, na kwa kadiri nilivyoiona haikuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa ameipa kazi isiyo yake.

Kosa hilo ni la kawaida, kwa sababu miziki mingi tuliyoizoea ina kila kitu ndani ya boksi moja. Kwenye mziki wa valvu, na hata wa tranzista ukiwa wa daraja la juu, kazi mara nyingi hugawanywa. Kuna chanzo: gramafoni, deki ya CD, simu. Mwisho kuna amplifaya ya nguvu, ambayo ndiyo inayosukuma spika. Katikati yao ndipo inapokaa priamplifaya, au "pri" kama tunavyoiita kwa kukata. Inachagua chanzo kipi kisikike, inapandisha sauti ndogo ifikie kiwango ambacho amplifaya ya nguvu inakitaka, na ndiyo yenye kitasa cha volyumu. Inaweza kutoa volti moja, mbili, hata zaidi, lakini mkondo wake ni mdogo mno. Spika ya ohmu 8 inataka mkondo wa kweli ili itikisike. Ukiiunga moja kwa moja na pri utapata huyo mbu wa kijana wetu.

Sauti ndogo ni ndogo kiasi gani? Sindano ya gramafoni ya aina ya sumaku inayotikisika hutoa kama milivolti 5. Deki ya CD hutoa kama volti 2, yaani mara 400 ya hiyo. Ndiyo maana tundu la gramafoni nyuma ya pri liko peke yake, wala si pambo. Lina jambo jingine pia: santuri inapochongwa, besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, ili mifereji isipanuke mno na mchakacho wa plastiki usitawale. Tundu la gramafoni huyarudisha yote mahali pake, kwa mizani inayoitwa RIAA, iliyokubaliwa mwaka 1954. Unga gramafoni kwenye tundu la CD, santuri yako ya Jamhuri Jazz itasikika kwa mbali, nyembamba, kama inapigiwa ndani ya kopo. Unga CD kwenye tundu la gramafoni, utasikia mpasuko wa kukimbiza paka.

Sasa valvu yenyewe. Ni chupa ya glasi iliyonyonywa hewa. Ndani katikati kuna kimrija kinachopashwa moto, kathodi. Pembeni kimezungukwa na bati, anodi. Kati yao kuna waya mwembamba uliozungushwa kama wavu, gridi. Kathodi ikipata moto hutoa elektroni, na anodi yenye volti nyingi chanya huzivuta zivuke. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya kathodi na anodi peke yake mwaka 1904. Mmarekani Lee de Forest akaongeza ule wavu miaka michache baadaye, na wavu huo ndio ulioleta kazi yote ninayoieleza hapa.

Kuuelewa wavu, tazama nyumba zetu nyingi za hapa mjini. Kuna tenki juu ya mnara wa tofali na bomba chini uani. Mtoto wa miaka minne akizungusha bomba kwa vidole viwili, maji yanatoka kwa nguvu ya kujaza ndoo. Nguvu ile si ya vidole vya mtoto. Ni ya tenki lililo juu. Mtoto anaamuru tu kiasi gani kitoke.

Gridi ndiyo bomba, na sauti kutoka kwenye sindano ndiyo vidole vya mtoto. Gridi ikisogea sehemu ya kumi ya volti, mkondo kati ya kathodi na anodi unafuata, na kwenye valvu ya ECC83, ambayo ndiyo utakayoikuta mara nyingi, volti tano au sita zinacheza upande wa anodi. Mkondo wenyewe ni kiduchu, kama miliampea moja. Kwa hiyo valvu haichukui sauti ndogo ikaikuza kama mama anavyomkuza mtoto. Sauti ndogo inaamuru umeme mwingi uliokwisha kuwekwa tayari. (ECC83 hiyohiyo Wamarekani huiita 12AX7. Ukiambiwa dukani kwamba ni valvu mbili tofauti, mtu anataka kukuuzia mara mbili.)

Na umeme mwingi uliowekwa tayari ndio wenye hatari. Tenki la pri ya valvu huwa na volti 250 hadi 300 za mkondo mnyoofu (DC), wakati pri ya tranzista inaridhika na volti 15 au 30 hivi. Transfoma hupandisha umeme wa ukutani, kisha unanyooshwa, kisha unahifadhiwa kwenye kapasita kubwa, zile kopo za duara kama betri nene. Kapasita ndizo tenki.

Watu wa Tanga hawahitaji kufundishwa kwamba maji yakikatika bombani, tenki la juu bado lina maji. Ndivyo ilivyo hapa. Ukizima swichi, ukichomoa plagi, ukaipeleka pri chumba kingine, kapasita bado zimejaa. Mafundi waangalifu huweka rezista ya kuzivujisha polepole. Rezista ya kilo-ohmu 220 kwenye kapasita ya mikrofaradi 100 huikausha kwa kama dakika mbili. Lakini rezista hukatika kwa uzee, na boksi nyingine hazikuwekewa kabisa. Valvu zikiwa bado za moto hunywa sehemu ya chaji. Ukizichomoa kwanza, hata huo unywaji unakosekana na tenki linabaki limejaa muda mrefu zaidi. Wengi hufanya hivyohivyo: wanatoa valvu ili zisivunjike, halafu wanaingiza mkono.

Mimi somo hili nililipata kwa redio ya mbao, miaka mingi nyuma. Niliichomoa, akaja mgeni, tukanywa kahawa na kashata, tukazungumza ya kwetu na ya watu. Mgeni alipoondoka nikatia kidole. Mkono ulirushwa nyuma ukapiga rafu na kiwiko kikavimba siku tatu. Plagi ilikuwa mezani mbele ya macho yangu muda wote ule.

Kwa hiyo fundi anayefungua pri ya valvu hachukulii kuchomoa kuwa ndiyo usalama. Anachomoa, anasubiri, anafungua kifuniko, kisha anapima kwa maltimita, mkondo mnyoofu, kwenye kipimo cha volti 600 au 1000, ncha moja kwenye bati la mwili na nyingine kwenye kapasita, moja baada ya nyingine. Akikuta volti, anazimwaga kupitia rezista ya kilo-ohmu 10 ya wati 5 au zaidi, yenye klipu zilizofunikwa plastiki. Kisha anapima tena. Hapigi shoti kwa bisibisi. Cheche ile kubwa inafurahisha vijana, lakini inaumiza kapasita na siku moja inaruka usoni. Akilazimika kupima ikiwa imewashwa, mkono mmoja unakaa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono hadi mkono. Na anavaa viatu. Sisi huku kwa joto tunapenda kukaa pekupeku kwenye sakafu ya saruji, jasho linatiririka, na mwili wa namna hiyo umeme unaupenda sana.

Kama wewe si fundi, kifuniko kiache kimefungwa. Kuitumia pri hakuhitaji kuifungua, ila kabla ya kuiwasha ya mtumba kuna mambo ya kutazama.

La kwanza kabisa ni volti. Ukutani kwetu kuna 230. Boksi la Uingereza la zamani huandikwa 240, na hilo halina shida. La Marekani likiandikwa 117 ukaliunga moja kwa moja, transfoma inapata karibu mara mbili ya haki yake na dakika ileile unanusa moshi. Nyingine zina kiteuzi nyuma: kitazame kiko wapi, usiamini neno la muuzaji.

Iliyokaa miaka kumi stoo nayo usiichomeke hivihivi. Kapasita zake huenda zimekauka na zitapiga shoti ndani. Fundi huunga kwa mfululizo balbu ya zamani ya waya, ya wati 60. Ndani kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa ukali na transfoma inapona. Kukiwa salama, balbu inaonyesha mwanga kidogo kisha inafifia. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii.

Fyuzi ya plagi: pri inakula umeme kidogo, fyuzi ya ampea 3 inatosha. Ile 13 inayokuja na plagi nyingi ingesubiri mpaka waya uungue.

Halafu kuna ethi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini, na hapa naomba unisikilize. Miziki ya valvu ina ugonjwa wa mvumo, ule mmmm wa chini unaosikika katikati ya nyimbo. Mara nyingi sababu ni kwamba pri na amplifaya zote zina ethi, na nyaya za sauti zinaziunganisha tena, ukapatikana mzunguko unaokamata mvumo wa umeme. Kuna "wataalamu" wa mtaani watakaokwambia ukate waya wa ethi kwenye plagi, na kweli mvumo mara nyingi unapungua. Umebaki na boksi la bati ambalo, siku waya mmoja ukichomoka ndani, litakuwa na volti 230 kwenye kitasa cha volyumu. Afadhali usikilize na mvumo. Chomeka vyombo vyote kwenye ekstenshen moja, sogeza nyaya za sauti mbali na transfoma, na ule waya mwembamba wa ziada wa gramafoni ufunge kwenye skrubu ya nyuma ya pri. Kwa uzoefu wangu hapo mvumo mwingi umekwisha. Nyumba za zamani za mjini nazo zina matundu ya ethi ambayo nyuma yake hakuna waya wowote. Fundi wa umeme analipima hilo kwa dakika chache.

Mahali pa kuiweka pawe na hewa. Najua kitambaa cha kufuma juu ya redio ni heshima ya sebule, na bibi yangu hangekubali chombo kikae uchi. Kwenye valvu kitambaa hicho kiondoke. Matundu ya juu ni ya kutolea joto. Ukiwa karibu na bahari kama Raskazone, hewa ya chumvi hufanya pini za valvu ziote kutu nyembamba, na sauti inaanza kukwaruza au kupotea upande mmoja. Zima, chomoa, acha zipoe, kisha tikisa kila valvu kidogo kwenye soketi yake, kwa kushika glasi na kitambaa kikavu.

Valvu iliyokufa unaweza kuijua hata bila mita. Ndani ya glasi, kwa kawaida juu, kuna doa linalong'aa kama kioo. Likigeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia, na hiyo valvu ni ya kutupa. Nyingine inakuwa nzima lakini inalia "ting" kwenye spika ukiigonga kwa penseli. Hiyo ni maikrofoni isiyoombwa, iwekwe mbali na mitetemo ya spika.

Kuwasha kuna utaratibu. Kwanza pri, volyumu ikiwa chini, usubiri dakika moja valvu zipate moto na volti zitulie. Ndipo amplifaya ya nguvu. Kuzima ni kinyume: amplifaya kwanza, pri mwisho. Ukikosea, mshtuko wa volti unaotoka kwenye pri unapita hadi kwenye spika, dhuu!, na spika ndogo za juu ndizo zinazoumia. Umeme ukikatika usiku katikati ya taarabu ya Black Star, inuka uzime amplifaya palepale gizani, kwa sababu ukirudi utaviwasha vyote pamoja.

Kijana wetu alirudi baada ya wiki mbili, safari hii na amplifaya ya tranzista ya kuazima kwa shemeji yake. Tukaunga, tukasubiri ile dakika, nikampa kitasa akizungushe mwenyewe. Besi ilipoingia alinyamaza, kisha akauliza kama valvu kweli zina sauti tamu kuliko tranzista au watu wanajisifu tu. Nikamwambia ukweli wangu: pri nzuri ya tranzista ni safi zaidi kwa vipimo. Valvu huongeza vitu vyake kidogo kwenye sauti, na vitu hivyo masikio mengi, yangu yakiwemo, huvipenda. Akachukua ile kanga, akataka kuifunika pri ikiwa bado inawaka.

"Acha kwanza ipoe, mwanangu. Na ukifika nyumbani, kanga mrudishie mama."