Mita Kumi Juu ya Nini? Kazi ya Mhandisi wa Jiomatiki

Wengi wanaoniuliza kuhusu uhandisi wa jiomatiki hudhani kwamba, tangu simu ya mkononi ianze kutuonyesha mahali tulipo, kazi ya mpima imekwisha. Kwa maoni yangu, kadiri namba za mahali zinavyopatikana kwa urahisi, ndivyo anavyozidi kuhitajika mtu anayejua namba hizo zimepimwa kutoka wapi, na zinaaminika kwa kiasi gani.

Jiomatiki hukusanya pamoja upimaji ardhi, jiodesia (elimu ya kupima umbo na uvutano wa dunia), upimaji kwa picha za anga na setilaiti, uchoraji wa ramani, na mifumo ya kompyuta ya kuhifadhi na kuchambua taarifa za kijiografia. Mwanafunzi hukutana na sehemu hizo kama masomo tofauti, lakini zote husimama juu ya swali moja la marejeo, yaani kipimo kinaanzia wapi, na hakuna mahali swali hilo linapojitokeza wazi kama katika kimo.

Kipokezi cha GPS hupima muda ambao mawimbi hutumia kufika kutoka setilaiti zilizo takriban kilomita 20,200 juu ya dunia. Saa ikikosea kwa sehemu moja tu ya bilioni ya sekunde, umbali hukosewa kwa sentimita 30 hivi. Kutokana na umbali huo, kipokezi hukokotoa kimo juu ya elipsoidi, yaani umbo laini la kihisabati lililokubaliwa kuwakilisha dunia, ambalo katika WGS 84, mfumo wa marejeo unaotumiwa na GPS, lina nusu kipenyo cha mita 6,378,137 kwenye ikweta. Maji, hata hivyo, hayafuati elipsoidi. Hufuata nguvu ya uvutano, ambayo hutofautiana kwa sababu uzito wa miamba haukusambaa sawasawa ndani ya dunia. Uso wa bahari tulivu ambao nguvu hiyo ingeuumba, ukiendelezwa hadi chini ya mabara, huitwa jioidi. Kusini mwa India uko takriban mita 100 chini ya elipsoidi, ilhali karibu na Guinea Mpya uko zaidi ya mita 80 juu yake. Mhandisi akichora mfereji kwa vimo vya elipsoidi pekee, mchoro unaweza kuonyesha mteremko mahali ambapo maji hayatateremka kamwe.

Hata vimo vinavyofuata usawa wa bahari havikubaliani vyenyewe kwa vyenyewe. Daraja la Laufenburg, juu ya mto Rhine, lilijengwa kutoka pande mbili: Ujerumani, ambayo vimo vyake hutokana na usawa wa bahari wa Amsterdam, na Uswisi, inayofuata ule wa Marseille. Tofauti ya sentimita 27 ilijulikana mapema na ikawekwa kwenye hesabu, lakini iliongezwa mahali ilipopasa kutolewa, na mwaka 2003 ikabainika kwamba pande hizo zimepishana kwa sentimita 54. Vipimo vyenyewe vilikuwa sahihi kabisa, na kwa sababu hiyo napenda kila anayeanza somo hili aufahamu mfano huo kabla hajashika kifaa chochote.

Anayetaka kusomea fani hii ajiandae kwa hisabati, fizikia na hasa takwimu. Njia ya kusawazisha vipimo vingi ili jumla ya miraba ya mabaki, yaani tofauti kati ya vipimo na thamani zilizokokotolewa, iwe ndogo iwezekanavyo, aliyoichapisha mwanahisabati Mfaransa Legendre mwaka 1805, bado ndiyo uti wa mgongo wa kazi yetu, kwani humwezesha mpima kutoa pamoja na kila jibu kiasi cha shaka kilichomo ndani yake.

Taarifa nyingine ambayo mara nyingi husahaulika ni tarehe ya kipimo, kwa kuwa ardhi yenyewe husogea. Bara la Australia husogea takriban sentimita 7 kila mwaka, na mfumo wake wa marejeo wa 1994 uliporekebishwa kuwa ule wa 2020, namba za mahali zilihama kwa karibu mita 1.8, ingawa hakuna bikoni, yaani alama ya mpima iliyosimikwa ardhini, iliyong'olewa.