Maumivu yasiyoisha: mwanasaikolojia anahusikaje?

Mgongo, magoti, shingo, kichwa: maumivu yakidumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi 3, wataalamu huyaita maumivu sugu. Huku kwetu Mbeya, Iringa na Njombe, kwa watu wa jembe, wachuma chai na wabeba magunia ya viazi, si jambo geni. Kinachowashangaza wengi ni daktari kuwaandikia waende kwa mwanasaikolojia.

Eksirei haijaonesha kitu. Kunipeleka huko si kusema najifanya?

Hapana. Maumivu ni ya kweli hata picha ikiwa safi. Hata ukijikata na panga, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa tu. Ubongo ndio unaoamua usikie maumivu kiasi gani. Jeraha linaweza kupona, lakini mfumo huo ukabaki mwepesi kushtuka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mshtuko wake si wa kuigiza. Usingizi mbovu, msiba, deni la pembejeo, hofu ya kushindwa kulea: vyote huuchochea. Kama tungewaeleza wagonjwa hili kabla ya kuwapa karatasi ya rufaa, wachache wangetoka wamenuna.

Tunafanya nini huko ndani, kuongea tu?

Kuongea kupo, lakini kazi kubwa unaifanyia nyumbani. Chukua mama wa Uyole anayelima viazi. Akiamka mgongo umetulia anasema leo namaliza, analima tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Kesho yake hainuki, keshokutwa vilevile. Akipata nafuu anarudia yaleyale. Mwisho anaogopa hata kuinama kuokota kikombe, misuli inalegea, na kazi ndogo nayo inaanza kumuumiza.

Mwanasaikolojia atamwambia apime kwa saa. Analima dakika ngapi kabla maumivu hayajapanda? Kama ni 20, aanze na 15, kisha aache jembe, afanye kazi nyingine nyepesi au apumzike, halafu arudi. Aache hata kama anajisikia vizuri. Hapo ndipo pagumu, maana jirani akipita atamwona mvivu. Wiki zikienda, anaongeza dakika chache chache. Sasa anayepanga siku ni yeye, si mgongo.

Pia mtayakagua mawazo. "Mgongo umeoza, nitaishia kitandani": nani amesema, na vipimo vinasemaje? Mtajifunza kupumua taratibu na kulegeza misuli, na kurekebisha usingizi. Wapo wataalamu wanaosisitiza zaidi kurudia mambo unayoyathamini, kama kwaya au kikundi cha kuweka na kukopa, bila kusubiri maumivu yaishe kwanza.

Nyumbani wamenikataza kazi zote. Si wamenihurumia?

Wamekuhurumia, ila mwili usiotumika hudhoofika. Waombe wakuachie kazi unazoziweza. Ukienda kliniki nenda na mwenzi wako au mtoto mkubwa, naye asikie.

Nitapona kabisa?

Anayekuahidi hivyo muogope. Mwaka 2020 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 75 za tiba za kisaikolojia kwa watu wazima wenye maumivu sugu. Tiba ya kubadili fikra na tabia, iliyochunguzwa kuliko zote, ilipunguza maumivu, ulemavu na msongo, lakini kwa kiasi kidogo kwa wastani. Mimi naona kidogo hicho si haba kwa mtu aliyeshindwa hata kukaa ibada nzima.

Niache dawa?

Usiache wala kupunguza bila daktari. Lakini kununua diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, dukani mwezi baada ya mwezi si tiba: huleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo.

Dalili zipi hazisubiri mazungumzo?

Miguu kuishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo kukataa kutoka: nenda hospitali leo hii. Homa, kukonda bila sababu na jasho la usiku pamoja na maumivu ya mgongo navyo vichunguzwe mapema, kwani kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo. Na ukiwaza kujiua, mwambie mtu sasa, mwende pamoja kituo cha afya.

Niende wapi?

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa. Kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au hospitali ya rufaa ya mkoa wako, ulizia kliniki ya afya ya akili. Usiogope jina la mlango. Wanasaikolojia ni wachache, hivyo muulize pia mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) kuhusu mpango wa kuongeza kazi taratibu. Beba vipimo vya zamani na dawa zote unazotumia, za dukani na za mitishamba pia, ukaziweke mezani.