Elimu kwa umma: geji ya mafuta si kipimo

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, hutangaza bei kikomo za mafuta, na kuanzia Alhamisi sisi watu wa Wakala wa Vipimo hupokea simu. Bei ikipanda, malalamiko dhidi ya pampu hupanda nayo. Bei ikishuka, pampu zote huonekana zimepona zenyewe. Mita ya pampu haijui bei ya mwezi huu, kwa hiyo hilo peke yake lilipaswa kututia shaka.

Malalamiko mengi yana sura moja: "Nimeweka ya elfu kumi, mshale haujanyanyuka." Au: "Zamani ya elfu ishirini ilinifikisha Ijumaa, sasa Jumatano taa inawaka." Naamini wanaosema hivyo wanaeleza walichokiona. Walichokiona, hata hivyo, ni geji, na geji si kipimo. Haijahakikiwa na mtu, haina lakiri, yaani muhuri wa uhakiki, wala haikutengenezwa ili ihesabu lita. Ndani ya tenki kuna boya linalopanda na kushuka, na tenki lenyewe limepindapinda kupisha bomba la moshi na ekseli. Ndiyo maana mshale unaweza kuganda kwenye "F" kwa kilomita 80, kisha ukaporomoka kama umefukuzwa. Egesha gari kwenye mteremko, utasoma kingine kabisa.

Tufanye hesabu. Chukulia lita moja ni shilingi 3,000, na wewe umeweka ya elfu kumi. Umepata lita 3.33. Kwa pampu za mafuta, kiwango cha kimataifa cha OIML R 117 kinaruhusu kosa la asilimia 0.5 juu au chini, yaani mililita 100 katika lita 20. Kwenye lita zako 3.33 hiyo ni mililita 17 hivi, kijiko cha mezani na tone. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litapoteza mita 200 za safari. Hata pampu ikupunje mara kumi ya hapo, na huo ni wizi wa wazi, utapoteza kilomita mbili. Gari lililokuwa likienda kilomita 14 kwa lita na sasa linakwenda 9 halijaibiwa na pampu. Lina lake.

Sisemi kwamba pampu zinazopunja hazipo. Zipo, na hufungiwa. Nasema tu kwamba kabla ya kuja kwetu, pima.

Na kabla ya kupima, tuondoe mambo mawili yanayonimalizia asubuhi zangu. La kwanza ni la tenki: "Kitabu cha gari kinasema lita 42, pampu imesoma 44, mwizi!" Ujazo unaoandikwa na mtengenezaji hauhesabu nafasi iliyoachwa ili mafuta yatanuke, wala shingo ya kujazia. Ukimwambia mhudumu aendelee kukamua baada ya mkono wa pampu kujikata, unajaza nafasi hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa dumu tunaloliita la lita 20. Ukilijaza hadi mdomoni linachukua zaidi ya 20, kwa sababu ni dumu la mafuta ya kula lililostaafu, si chombo cha kupimia. La pili ni imani kwamba ukinunua alfajiri unapata petroli nyingi kwa kuwa ni ya baridi. Petroli hutanuka takribani asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto, hilo ni kweli. Lakini matenki ya sheli yamefukiwa ardhini, na joto la humo halibadiliki sana kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nane mchana. Lala.

Kipimo cha kweli cha mwenye gari ni cha tenki hadi tenki. Jaza hadi mkono wa pampu ujikate wenyewe mara ya kwanza, usiongeze hata tone. Andika namba ya kilomita iliyoko kwenye dashibodi. Endesha kama kawaida yako mpaka utumie angalau nusu tenki, na zaidi ya hapo ni bora. Rudi sheli ileile, pampu ileile, gari likiwa limesimama mahali palepale, jaza tena hadi ijikate. Kilomita ulizotembea gawanya kwa lita ulizojaza mara ya pili. Rudia mara tatu, uchukue wastani.

Kwa nini nusu tenki? Kwa sababu mkono wa pampu haujikati mahali pamoja kila siku; tofauti ya nusu lita hadi lita nzima ni ya kawaida. Ukijipima kwa lita 5, lita moja ya makosa ni asilimia 20, na utamfukuza fundi bure. Ukijipima kwa lita 35, haifiki asilimia 3. Wanaoweka ya elfu kumi kila siku wanaweza kutunza risiti za mwezi mzima, mradi waanze na kumaliza kwa tenki lililojaa. Mwezi mmoja tu, jamani.

Umepata namba. Sasa usikimbilie kuilinganisha na ya jirani. Yeye anatoka Kibaha anashika barabara kuu, wewe unatoka Tabata kwenda Posta na nusu ya safari umesimama. Injini ndogo ya cc 1300 ikiunguruma bila kutembea hutumia kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na kiyoyozi kikiwaka inaongezeka. Muda wote huo kilomita ni sifuri. Magari mawili yaliyotoka kiwanda kimoja siku moja yanaweza kutofautiana kilomita nne kwa lita kwa sababu ya njia tu.

Wala usiilinganishe na namba aliyokuonyesha muuzaji. Magari yetu mengi yametoka Japani, na zile namba nzuri za kilomita kwa lita zilipatikana maabara, gari likizunguka juu ya rola, kiyoyozi kimezimwa. Jaribio la zamani la Wajapani, lile la 10-15, lilikuwa na urefu wa kilomita 4.16 tu, injini ikiwa imeshapata moto, na kasi haikuzidi kilomita 70 kwa saa. Lililofuata, JC08, liliingiza kuwasha gari likiwa la baridi na kasi ya hadi 81.6, na namba zikashuka. Gari ni lilelile.

Na ile stika ya kioo cha nyuma yenye maandishi ya Kijapani na "+20%", ambayo wengi hawataki ibanduliwe? Haimaanishi gari linaokoa asilimia 20 kuliko mengine. Maana yake ni kwamba lilivuka kwa asilimia 20 kiwango cha Japani kilichowekwa kwa magari ya uzito wake. Gari la familia la tani mbili lenye stika hiyo litakula kuliko kigari cha kilo 900 kisicho na stika yoyote.

Kuna mtego mwingine katika kulinganisha. Gari kubwa likitoka kilomita 7 kwa lita kwenda 9 huonekana limeboreka kidogo. Dogo likitoka 16 kwenda 20 huonekana limeboreka sana. Kwa kilomita 1,200 za mwezi, la kwanza limeokoa lita 38, la pili lita 15. Mwenye gari kubwa ndiye mwenye sababu zaidi ya kwenda gereji.

Sasa gereji. Linganisha gari na lenyewe: namba ya leo na ya miezi sita iliyopita, njia ileile. Ikishuka kwa zaidi ya asilimia 15, tafuta chanzo, na anza na maswali yasiyo na gharama. Je, ulibadilisha matairi? Ukitoa 175/65R14 ukafunga 185/65R15, tairi jipya ni kubwa kwa asilimia 6 na ushee, kwa hiyo ukitembea kilomita 200 dashibodi itaandika 188 hivi. Gari halijaanza kula. Mita ndiyo inahesabu pungufu.

Upepo pungufu unakula, lakini tuseme kwa kadiri yake: tairi zote zikipungukiwa psi 10, hasara ni kama asilimia 2. Ongeza kulingana na kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, si ile namba kubwa iliyochongwa ubavuni mwa tairi, ambayo ni kikomo. Kuhusu ekakilina, yaani chujio la hewa ya injini, mafundi huibadilisha kwanza kwa kuwa ni rahisi. Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ya Marekani ilipima jambo hilo mwaka 2009 ikakuta kwamba kwenye magari ambayo petroli hunyunyizwa kwa kuongozwa na kompyuta, ekakilina chafu hupunguza nguvu, si kilomita. Ibadilishe kwa ajili ya injini, usitegemee muujiza.

Yanayokula kweli ni mengine. Breki iliyoshika: baada ya safari ya kilomita kumi, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa, moja ikiwa na joto kuliko wenzake, umempata mhusika. Sensa ya oksijeni iliyozeeka, ambayo humdanganya kompyuta naye akamwaga petroli. Hapo taa ya injini huwaka, na taa hiyo nimewahi kuiona imezibwa kwa rangi ya kucha. Ipeleke kwenye mashine ya kusoma makosa kabla hujanunua plagi wala nozeli.

Halafu kuna thamostati. Huyu ndiye ninayemsema kuliko wote, kwa sababu tunamtoa kwa mikono yetu. Fundi anakwambia nchi yetu ni ya joto, haimhitaji. Gari likichemsha siku moja, linatolewa milele. Kazi ya thamostati ni kuyazuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake, nyuzi 80 na kitu. Ukiitoa, injini husafiri ikiwa vuguvugu, kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, na inaendelea kuongeza petroli kama ya asubuhi. Mshale wa joto ukichelewa kupanda, au ukishuka unapokwenda kasi barabara kuu, muulize fundi wako iko wapi. Mara nyingi iko kwenye kopo la skrubu pale gereji.

Ikiwa umepima, umekagua, na bado kila ukijaza kituo kimoja namba inaanguka na ukijaza kingine inarudi, hapo njoo. Andika jina la kituo, namba ya pampu na mkono uliotumika, kwa sababu pampu moja huwa na mikono zaidi ya mmoja na kila mmoja una mita yake. Andika tarehe, saa, aina ya mafuta, kiasi cha pesa na lita. Ambatanisha risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Usigombane na mhudumu.

Ofisa atakwenda bila taarifa. Ataangalia stika ya uhakiki ya mwaka na lakiri, ataona kama pampu inaanzia sifuri, atalowesha chombo cha lita 20, atakimwaga na kukiacha kichuruzike kwa sekunde 30, atakiweka mahali tambarare, atapima kwa kasi kubwa, kisha kwa kasi ndogo, kisha atarudia. Kosa likizidi mililita 100, pampu hufungwa, hata kama kosa hilo linampendelea mteja. Itatengenezwa, itahakikiwa upya na kuwekewa lakiri mpya. Lakiri ikikutwa imevunjwa bila idhini, hiyo si hitilafu tena. Ni kosa chini ya Sheria ya Vipimo, Sura 340, lenye faini, kifungo au vyote viwili. Kiasi cha faini sikitaji hapa, hutegemea kifungu na kama ni kosa la kwanza.

Lalamiko lisilo na risiti wala namba ya pampu tutalipokea pia, ila ofisa atalazimika kupima kituo kizima, na itachukua muda. Picha za geji zilizopigwa kwa simu tunazipata nyingi. Hizo haziingii kwenye jalada.